Upande wa Ukutani

Jiwe lilirudi kwa Abundio Ricapa Jumanne asubuhi, kwenye lori la manispaa, limelala juu ya mawe mengine kumi, naye akalitambua kabla halijateremshwa. Alilitambua kwa kona yake ya chini iliyomeguka mwaka 1974, siku tindo ilipomponyoka. Wakati huo alikuwa na miaka ishirini na minne, na alikuwa anachonga jina la kaka yake.

"Shusha taratibu," alimwambia dereva. "Hayo si matofali."

"Don Abundio, waliolala nyuma ya mawe haya hawajalalamika, wewe ndiye ulalamike?" Dereva akacheka peke yake, akateremsha mawe, akaondoka.

Pale Huayllacancha mtu wa kawaida akifa halazwi ardhini. Anatiwa kwenye kidaka ukutani, vidaka vimepangana ghorofa kwa ghorofa, na mdomo wa kidaka unazibwa kwa jiwe la marumaru lenye jina lake. Kidaka ni cha kupanga. Familia ikihamia pwani, ikisahau au ikiisha, mifupa hutolewa na jiwe hurudi kwa mchongaji, naye huligeuza, akasugua mgongo wake na kumwandikia mwingine. Marumaru inatoka mbali. Mjini pale hakuna jiwe la uso mmoja.

Lakini safari hii hakuna familia iliyosahau. Manispaa ilibomoa ukuta mzima wa vidaka, ule wa upande wa barabara, ili barabara ipanuliwe. Tangazo lilibandikwa kwenye geti la makaburi siku thelathini, mahali panapopigwa na mvua, kwa lugha ambayo hata karani aliyelibandika hakuielewa. Walioliona wakadhani linahusu maji. Mifupa ilikuwa imeshamwagwa kwenye shimo la pamoja. Na kampuni iliyopewa kazi ya kupanua barabara ilikuwa Hallenbrock, ileile ambayo watu kumi na mmoja waliolala katika ukuta ule, kaka yake Abundio akiwemo, walikufa wakiichimbia handaki la Condorhuay. Iliwaua kwanza, kisha ikawafuata makaburini.

Abundio aliyaegemeza mawe kumi na moja kwenye ukuta wa karakana, nyuso zikimtazama. Yaliyobaki ya wale watu yalikuwa majina, na majina yote sasa yalikuwa kwake. Yeye asipoyaweka mahali, yangekwisha hapo.

Mtu anayetaka kuijua nchi ile kwa miaka sabini iliyopita asihangaike na marais. Aifuate Hallenbrock. Ilikuja mwaka 1948 na wazungu wanne, nyumbu ishirini na vyombo vya kupimia ardhi, kujenga daraja moja la reli. Ikabaki. Ilijenga bwawa chini ya jenerali mmoja, mifereji chini ya jenerali aliyempindua yule wa kwanza, uwanja wa ndege chini ya raia aliyewafunga wote wawili. Wakubwa walikwenda jela, walikwenda uhamishoni. Hallenbrock ilikwenda kwenye zabuni. Ilibadilisha nembo mara nne. Ilijifunza kuomba radhi kwa Kikechua. Kila bonde lina kitu chake, na kila kitu chake kina jiwe la uzinduzi, na karibu kila jiwe la uzinduzi katika mkoa ule limepita mikononi mwa Abundio au mwa baba yake.

Ndiyo maana alijua habari za daraja la Pachas. Daraja la Pachas lilizinduliwa mara tatu. Mara ya kwanza, mwaka 1966, lilikuwa halijakamilika. Walilishikilia kwa mapipa ya mafuta yaliyopangwa chini, gari la rais likapita polepole, bendi ikapiga, na jioni mapipa yakatolewa na daraja likafungwa miaka mitatu. Mara ya pili lilikuwa daraja kweli. Mara ya tatu lilipakwa rangi ya kijani. Kwenye orodha ya kazi za Hallenbrock hayo ni madaraja matatu.

Jiwe la uzinduzi wa kwanza, alilolichonga baba yake, lilirudi karakanani na kukaa nyuma ya mlango mpaka kaka yake, Fortunato, alipokufa na hapakuwa na marumaru nyingine. Abundio aligeuza lile, akamwandikia kaka yake mgongoni. Hakufikiria. Alikuja kufikiria baadaye, usingizi ulipoanza kumpungukia kwa umri: upande wa nje ulisomeka FORTUNATO RICAPA, na upande wa ndani, uliomwelekea marehemu, ulisomeka HALLENBROCK YAUNGANISHA TAIFA. Kwa miaka arobaini na minne kaka yake alikuwa amelala gizani akitazamana na tangazo la kampuni.

Vumbi la marumaru lina ladha yake. Linakaa kwenye fizi, linasaga meno, halitoki kwa maji wala kwa pombe ya miwa. Abundio alikuwa na mazoea ya kuyasoma maneno kwa sauti ya chini huku akiyachonga, ili asiruke herufi, na kwa hiyo kila uongo alioandikiwa kuuchonga aliutia mdomoni kwanza. Alitema mate sana. Wageni walidhani ni kifua.

Alhamisi ya wiki hiyohiyo gari jeupe lilisimama mlangoni. Aliteremka Bi Zubiaurre, mkuu wa mawasiliano wa Hallenbrock kutoka Lima, kavaa kofia ngumu ya kazi ambayo haijawahi kuguswa na tone la matope. Nyuma yake wanaume wawili walibeba bamba kubwa la marumaru nyeupe, nene, lililosuguliwa pande zote mbili. Hata marumaru walikuja nayo wenyewe.

"Don Abundio! Wewe ni hazina yetu, unajua?" Alimkumbatia kabla Abundio hajafuta mikono. "Hamsini! Karibu miaka hamsini ukiwa nasi!"

"Sikuwa nanyi. Nilikuwa hapahapa. Nyinyi ndio mlikuja."

"Nzuri sana hiyo!" Bi Zubiaurre alitoa daftari, akaiandika. "Tunatoa kitabu cha miaka sabini. Kuna sehemu inaitwa Nyuso Zetu, habari za maisha ya watu wa kawaida walioijenga kampuni. Nataka ukurasa mzima uwe wako. Ulizaliwa wapi, ulijifunza kwa nani, kampuni imekufanyia nini."

"Imenipa kazi kwa mikono miwili," alisema Abundio.

"Kwa mikono miwili," aliandika Bi Zubiaurre, akitabasamu. Hakuuliza mkono wa pili, usio wa mawe ya uzinduzi, ulileta kazi gani. Kisha akampa karatasi yenye maneno ya kuchongwa. Yangewekwa kwenye mdomo wa handaki la Condorhuay, lililopanuliwa, na Naibu Waziri angeyafunua mwenyewe Jumamosi ya juma la tatu. Abundio alivaa miwani. Mistari ya juu ilikuwa ileile ya siku zote, taifa, maendeleo, kesho. Mstari wa mwisho ulisema: MIAKA SABINI BILA KUMPOTEZA MFANYAKAZI HATA MMOJA.

Aliweka kidole juu yake. "Huu kaandika nani?"

"Idara ya usalama. Mzuri, eti?"

"Mle ndani walikufa watu kumi na mmoja."

Bi Zubiaurre hakushtuka. Mtu asiyejua hushtuka. Huyu aliinamisha kichwa upande, akalegeza macho, akawa na huzuni ya kutosha.

"Najua, don Abundio, na inaniuma kweli. Nimepekua majalada yote mimi mwenyewe. Lakini wale walikuwa wa mkandarasi mdogo. Hawakuwa wafanyakazi wetu."

"Mkandarasi gani?"

"Kampuni moja hivi, ilishafungwa."

"Ilifunguliwa lini?"

"Februari sabini na nne."

"Ikafungwa lini?"

"Septemba."

Handaki liliporomoka tarehe tisa Agosti. Abundio aliitikia kwa kichwa kama mtu anayeelezwa njia. "Walikuwa wamevaa kofia zenu."

"Waliazimwa," alisema Bi Zubiaurre kwa upole. "Ipo kwenye mkataba. Kofia waliazimwa."

Angeweza kukataa. Alijua pia kitakachofuata akikataa: Lima wana mashine inayochoma herufi kwenye chuma ndani ya saa moja, na maneno yangefika palepale, safi zaidi. Na hata hilo halikuwa sababu yake. Sababu ni kwamba hakuwahi kukataa. Alichonga daraja la Pachas mara ya pili na ya tatu. Alichonga bwawa ambalo halishiki maji. Aliipokea karatasi, akatema mate pembeni ya mlango, na Bi Zubiaurre akamshauri aende kupima kifua.

Alichonga uso wa kampuni kwa siku nne, kwa ufundi wote aliokuwa nao, maana hakujua kuchonga vibaya. Siku ya tano aliligeuza bamba. Upande wa pili ulikuwa laini na mtupu, na mawe kumi na moja yalikuwa yanamtazama kutoka ukutani. Akachora mistari kwa penseli. Juu akaandika HANDAKI LA CONDORHUAY, 9 AGOSTI 1974. Chini yake majina, moja baada ya jingine, kuanzia Zenobio Carhuaricra, ambaye ukoo wake wote ulihamia pwani, hadi Fortunato Ricapa. Maneno ya kuwaombea hayakupata nafasi. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi alichonga bila kutema mate.

Alipomaliza alichukua chaki nyekundu na kuchora msalaba juu ya majina, kutoka kona hadi kona. Ndivyo wanavyofanya wachongaji wa kule: jiwe lina nyuso mbili zilizoandikwa, wa zamani na mpya, kwa hiyo uso wa kwenda ukutani hutiwa msalaba, na fundi wa kuliweka haangalii maneno, anaangalia msalaba. Yachas, nyapara wa Hallenbrock aliyekuwa akiweka mawe yote ya uzinduzi, alikuwa na miaka ishirini kazini bila kusoma jiwe hata moja.

Shemeji yake alikuja jioni ileile. Teófila, mjane wa Fortunato, alikuwa akiuza supu ya vichwa vya kondoo kwenye mdomo wa handaki tangu mwaka lilipofunguliwa. Madereva wa malori walimjua nchi nzima. Alikuwa mfupi, mpana, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko pilipili aliyowawekea mezani.

"Nimesikia kuna jiwe," alisema kabla hajakaa. "Wataliweka palepale mbele ya sufuria yangu. Nimesikia na maneno yake. Ni kweli wewe ndiye umeyaandika?"

"Mimi fundi, shemeji. Ninaandika ninacholetewa."

"Na ukiletewa mavi kwenye sahani, utauliza kijiko kiko wapi?"

Abundio alimshika mkono, akampeleka nyuma ya bamba, akamwonyesha majina. Alitegemea atalia. Aliyatayarisha hata maneno ya kumwambia akilia. Teófila hakujua kusoma ila jina moja, na alilipata upesi, la mwisho chini, akaweka kiganja juu yake.

"Na huu msalaba mwekundu?"

"Unaonyesha upande wa ukutani."

"Upande wa ukutani." Aliondoa kiganja. "Yaani hawa ndio watatazama ukuta."

"Lakini watakuwepo, shemeji. Hilo jiwe ni lao pia. Siku moja litang'olewa, mawe yote hung'olewa, mtu ataligeuza na..."

"Abundio." Alimwita jina tupu, bila "don" ya heshima wala "shemeji". "Walifukiwa na mlima mara moja. Makaburini wenye tingatinga wamewafukia mara ya pili. Sasa wewe unataka kuwafukia na saruji, kwa mwandiko mzuri?" Alijifunga mtandio. "Mimi ndiye nitakayekaa mbele ya lile jiwe kila siku nikimenya viazi. Wewe utakuwa huku na siri yako. Siri tamu, eti? Kama peremende. Nyonya."

Akaondoka, na harufu ya kondoo ikabaki karakanani.

Abundio alikaa kwenye kigoda muda mrefu. Kilichomchukiza zaidi ni kwamba alikuwa amefurahi. Siku mbili nzima alichonga akijiona shujaa, mzee mjanja aliyewapiga chenga wakubwa, na ujanja wenyewe ulikuwa wa kuficha wafu mahali ambapo hawatamsumbua mtu. Hata Bi Zubiaurre angeukubali. Angeuandika kwenye daftari.

Alichovya kitambaa kwenye ndoo. Akafuta msalaba, kona hadi kona, mpaka wekundu ukatoka ndani ya herufi. Akalizungusha bamba, akakausha mkono kwenye suruali, akachukua chaki.

Jumamosi ile bendi ya shule ilipanda kutoka mjini, hema likatandwa, viti vya plastiki vikapangwa, na chupa ya mvinyo ikafungwa kwa utepe mweupe na mwekundu kando ya jiwe lililofunikwa kitambaa. Kule hata handaki hubatizwa, na lina baba na mama wa ubatizo, watu wenye fedha wanaotajwa majina na kupigiwa makofi. Teófila hakuhama. Maofisa walimwomba asogeze sufuria kwa sababu ya moshi. Akawaambia moshi na usogee wenyewe. Abundio alisimama kando yake, kofia mkononi. Hakuwa amemwambia kitu.

Yachas alipita, akamnong'oneza, "Fundi, limekaa vizuri. Nimetumia saruji ya kukauka haraka, hata tetemeko halilitoi."

"Uliangalia msalaba?"

"Mimi tena? Niache kuangalia msalaba?"

Naibu Waziri alikuwa mwanamume mnene, mchangamfu, aliyekuwa na uzinduzi mwingine mchana. Mama wa ubatizo akavunja chupa kwa nyundo ndogo, bendi ikapiga, kitambaa kikavutwa. Wa mbali waliona marumaru nyeupe yenye maandishi, wakapiga makofi. Bi Zubiaurre alikuwa akiangalia wapiga picha, si jiwe. Naibu Waziri alisogea, akavaa miwani, akaona kichwa cha habari, akaona orodha ya majina, na kwa kuwa maisha yake yote ya kazi orodha ya majina kwenye jiwe imekuwa na maana moja tu, alinyoosha mkono na kunguruma kwenye kipaza sauti:

"Na sasa, ndugu zangu, tuwatambue kwa heshima zote baba wa ubatizo wa handaki hili! Mhandisi Zenobio Carhuaricra!"

Bi Zubiaurre aligeuka. Abundio alimwona akisoma, midomo ikienda, na rangi ikimtoka usoni taratibu.

Ndipo kutoka nyuma ya sufuria Teófila akaita, kwa sauti anayoitia madereva:

"Yupo!"

Maana wafu wao wakiitwa, huitikiwa hivyo, na hakuna mtu wa bonde lile asiyejua. Naibu Waziri alifurahi kusikia hadhira imechangamka. "Mhandisi Eusterio Inga!"

"Yupo!" Safari hii walikuwa wengi. Mama wa makamo kwenye kiti cha plastiki alikuwa amesimama na kushika kifua. Inga alikuwa babu yake.

"Mhandisi Glicerio Huaynate!"

"Yupo!"

Bi Zubiaurre alianza kupenya kati ya watu kuelekea kwenye kipaza sauti, lakini bendi ilikuwa katikati, ngoma na tarumbeta, na hakuna aliyempisha. Kila jina lilipanda na jibu likapanda zaidi. Madereva waliteremka kwenye malori yao, vijiko mikononi. Naibu Waziri alitoa jasho kwa furaha. Hakuwa amewahi kupata mkutano wa namna ile. Wa kumi na moja ndiye alikuwa wa mwisho.

"Mhandisi Fortunato Ricapa!"

Teófila alifungua mdomo, sauti ikakataa. Alishika ukingo wa sufuria. Watu walinyamaza, walijua ni wake. Abundio, ambaye kwa miaka hamsini aliwachongea wengine maneno na hakuwahi kusema lake mbele ya watu, alisikia koo lake lenye vumbi likisema:

"Yupo."

Baadaye, msafara wa magari ulipokwisha kuondoka, Yachas alibaki amesimama mbele ya jiwe, akilisoma kwa kidole. "Fundi, mimi nilifuata msalaba."

"Ulifuata vizuri."

"Basi msalaba ulikosea."

"Mkono wangu umezeeka."

Yachas alisema kwamba kulitoa haiwezekani bila kulivunja, na kwamba hivyo ndivyo atakavyoandika kwenye ripoti. Baba yake pia aliwahi kuvaa kofia ya kuazimwa, mahali pengine, bwawa jingine.

Abundio alisubiri waje na nyundo. Hawakuja. Miezi minne ikapita, kikaja kitabu, kizito, karatasi za kung'aa, kimetiwa saini na mkurugenzi. Alikipeleka kwa Teófila, akakaa kwenye benchi la madereva, akamsomea. Daraja la Pachas lilikuwemo mara tatu. Yeye alikuwemo, ukurasa mzima, chini ya Nyuso Zetu, na maneno aliyodaiwa kuyasema yalikuwa: Hallenbrock ni familia, imenipa kila kitu kwa mikono miwili. Na kwenye ukurasa wa handaki la Condorhuay palikuwa na picha ya Naibu Waziri, mkono hewani, jiwe likionekana vizuri nyuma yake, na maelezo: Umati wawashangilia wafadhili kumi na mmoja waliowezesha ujenzi wa handaki.

Teófila aliacha kumenya. "Soma tena."

Akasoma tena.

"Wafadhili," alisema. "Fortunato! Mfadhili! Mtu aliyezikwa na soksi za kuazima kwa jirani!" Alianza kucheka, kicheko kikageuka kikohozi, akatema mate kwenye vumbi, mbali na sufuria. "Watu hawa hawana hata tumbo la kutapikia."

"Ndiyo maana hawakulitoa," alisema Abundio. "Walikwishawashukuru."

Jiwe lilikuwa mbele yao, tayari limeanza kushika masizi ya malori. Kila asubuhi Teófila alilipangusa kwa kitambaa kilekile cha meza. Alimtilia shemeji yake bakuli la supu, na shavu la kondoo ndani yake, kipande kizuri.

"Na ule upande wa pili, ule wao, umeandikwaje mwisho? Ulishaniambia, nimesahau."

"Bila kumpoteza mfanyakazi hata mmoja."

Teófila alitazama mwamba juu ya handaki, mweusi, unaodondosha maji.

"Acha mlima uusome," alisema. "Wenyewe unajua."

Abundio alikunywa supu. Ilikuwa ya moto, nzuri, yenye mnanaa, na katikati ya meno bado kulikuwa na punje za marumaru.